Siku Tano Nikizifuata Valvu, kutoka Manchester hadi Hammersmith

Siku ya kwanza: Manchester, upande wa chuo kikuu

Niliamka kukiwa na rasharasha ile ya hapa, isiyomlowesha mtu kabisa wala kumwacha mkavu. Mpwa wangu, ambaye amenipokea nyumbani kwake, aliniuliza wakati wa chai: "Mjomba, wageni wote wanakuja Manchester kuangalia mpira, wewe unakwenda kuangalia kompyuta zilizokufa?" Nilimweleza kwamba mimi ni karani mstaafu wa mishahara, na kwamba nilitaka, kabla miguu haijachoka, kuiona asili ya mashine iliyokuja kuichukua kazi yangu. Niliianza kazi hiyo mwaka 1978 katika shirika moja la umma jijini Dar es Salaam, miaka minne baada ya Serikali kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mishahara ya mamia ya watu ilipita mikononi mwetu kwa kalamu, kwa leja na kwa mashine ya kujumlishia yenye mkono wa kuvuta. Najua maana ya kutafuta senti ishirini hadi saa nne za usiku.

Tulikwenda kwanza kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Manchester, ambako kibao ukutani kinawakumbuka Freddie Williams na Tom Kilburn. Hakuna kingine cha kuona pale zaidi ya wanafunzi wenye miavuli, lakini mahali penyewe pana uzito wake, kwa sababu tarehe 21 Juni 1948 mashine waliyoitengeneza wao na mwenzao Geoff Tootill ilitekeleza programu iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki, jambo ambalo hakuna mashine iliyokuwa imelifanya kabla. ENIAC ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1946 ikiwa na valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, zipatazo 18,000, ilikuwa na kasi kubwa ya kukokotoa, lakini kuibadilishia kazi kulihitaji watu wahamishe nyaya na kugeuza swichi kwa siku kadhaa. Mashine ya Manchester iliziweka amri mahali palepale ilipoweka namba, na kubadilisha kazi kukawa ni kubadilisha yaliyoandikwa.

Oktoba ya mwaka huohuo Serikali ya Uingereza iliiagiza kampuni ya Ferranti, iliyokuwa hapahapa Manchester, itengeneze mashine ya kukokotoa kwa kufuata maelekezo ya Profesa Williams. Iliyozaliwa kutokana na agizo hilo ni Ferranti Mark 1, ambayo ilifikishwa chuoni Februari 1951. Wamarekani wanayo UNIVAC yao, iliyokabidhiwa kwa Ofisi ya Sensa tarehe 31 Machi 1951, na ubishi wa nani alitangulia kuuza kompyuta ya aina hii umejengwa juu ya majuma hayo machache. Mimi sina upande, ila mpwa wangu, ambaye sasa amekuwa mtu wa Manchester kuliko Wamanchester, anao.

Siku ya pili: Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda

Jumba hili liko Liverpool Road, katika majengo ya kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 1830. Ndani yake kuna nakala ya mashine ile ya 1948, ambayo wenyewe huiita Baby, yaani Mtoto, iliyojengwa upya kwa ajili ya maadhimisho ya miaka hamsini mwaka 1998. Nilitarajia kabati moja. Nilikuta ukuta wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita tano na kimo cha zaidi ya mita mbili, umejaa valvu, nyaya na swichi, na nyuma yake joto linalokumbusha redio za zamani za mabarazani, zile zilizokuwa zikiwashwa mapema ili ziwe zimepata moto kabla ya taarifa ya habari.

Kwa msomaji ambaye hakuziwahi redio hizo, valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye uzi unaopashwa moto hadi unatoa elektroni, na kati ya uzi na bamba la kupokelea kuna wavu ambao umeme kidogo sana ukiuwekea unaweza kuufunga au kuufungua mkondo mkubwa. Katika redio valvu hukuza sauti. Katika kompyuta hufanya kazi ya lango: limefunguliwa au limefungwa, moja au sifuri. Baby ilikuwa na valvu 550 hivi, na kwa mashine za wakati ule hiyo ni idadi ya mtoto kweli.

Mzee mmoja wa kujitolea alituonyesha kumbukumbu yenyewe, na hapa nilikaa zaidi ya saa nzima. Ni kioo cha mviringo kama cha televisheni ndogo, ambacho mwali wa elektroni unachora juu yake vitone na vistari. Kila kitone kinaacha chaji ya umeme mahali kilipoangukia, na bamba lililowekwa mbele ya kioo linatambua kama pale pana kitone au kistari. Tatizo ni kwamba chaji hiyo huvuja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa hiyo mashine inalazimika kuvisoma vitone vyote na kuviandika upya bila kupumzika, mfano wa mtu anayechota maji kwa pakacha na kurudi kisimani mbio. Humo mliingia mistari 32 ya biti 32 kila mmoja, biti ikiwa ni moja au sifuri. Mkusanyiko wote huo, programu pamoja na namba zake, haufikii urefu wa ujumbe mmoja wa simu.

Programu ya kwanza ilitafuta namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 bila kubakiza, ukiiacha yenyewe. Mpwa wangu aliicheka, maana mtoto wa shule anaigawa kwa mbili na kupata 131,072. Lakini mashine haikujua kugawa. Ilijua kutoa tu, kwa hiyo ilijaribu namba moja baada ya nyingine kuanzia juu kushuka chini, ikigawa kwa kutoa mara nyingi, na ikamaliza baada ya dakika 52 na operesheni zipatazo milioni tatu na nusu. Jibu walilijua tangu mwanzo. Walichotaka kujua ni kama mashine yenye kumbukumbu inayovuja inaweza kufanya kazi karibu saa nzima bila kusahau hata kitone kimoja, na hilo ndilo swali ambalo karani angeuliza pia.

Ferranti Mark 1 ilirithi kumbukumbu hiyo, ikaongezewa ngoma ya sumaku ya kuhifadhia yasiyohitajika mara moja, na valvu zake zilipita 4,000. Mwongozo wake wa kwanza wa upangaji programu uliandikwa na Alan Turing, mwanahisabati ambaye hakuwa mtu wa kumwonea huruma msomaji. Mpangaji alitakiwa kuandika namba kwa alama 32 za mashine ya simu za maandishi, tena kinyumenyume, tarakimu ndogo ikitangulia, na kwa kuwa sifuri iliandikwa kwa mkwaju (/), karatasi zilijaa mikwaju mitupu, kiasi cha watu kutania kwamba ni mvua ya Manchester inayopiga dirishani. Nilipotoka nje nikaiona ile ile hewani.

Mashine hiyo ilikuwa na amri ya kupiga honi, na kwa kuirudiarudia kwa mpangilio Christopher Strachey aliifanya ipige wimbo wa taifa wa Uingereza, ambao BBC waliurekodi mwaka 1951. Kilichonigusa zaidi ni jambo dogo la mishahara: Mary Lee Woods, mmoja wa wapangaji programu wa Ferranti, aliona kwamba wanawake wanalipwa pungufu kuliko wanaume kwa kazi ileile, akadai walipwe sawa, na wakalipwa sawa. Aliolewa na mpangaji mwenzake, Conway Berners-Lee, na mtoto wao Tim ndiye aliyekuja kubuni mtandao wa kurasa ambao kila mtu anautumia leo.

Siku ya tatu: Bletchley

Treni ya asubuhi hadi Milton Keynes, kisha kituo kimoja hadi Bletchley. Mpwa wangu alibaki kazini, nikawa peke yangu na mkoba wa maandazi ambayo mkewe alinifungia.

Wengi huja hapa kwa ajili ya siri za vita, na Colossus, mashine iliyotumika kuvunjia siri hizo, iliyojengwa upya, iko katika Jumba la Taifa la Kompyuta, lakini Colossus haikuhifadhi programu ndani yake, kwa hiyo niliipita kwa heshima na kwenda moja kwa moja kwenye chumba ambamo EDSAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, inajengwa upya. Ile ya asili iliwashwa Cambridge mwaka 1949 na kuzimwa mwaka 1958, kisha ikavunjwavunjwa, na wajenzi wa leo wamelazimika kuifufua kwa kutazama picha za zamani, hadi mwaka 2014 ilipopatikana michoro 19 ya saketi zake ambayo mtu alikuwa ameihifadhi kwa miaka mingi. Makabati yake ni marefu kuliko mtu, na ndani yake valvu zimepangwa safu kwa safu kama chupa katika duka la dawa.

Kumbukumbu ya EDSAC haikuwa ya kioo bali ya zebaki. Bomba la chuma lenye urefu wa mita moja na nusu hivi lilijazwa zebaki, na kila upande wake kikawekwa kipande cha fuwele. Fuwele ya upande mmoja iligeuza mapigo ya umeme kuwa sauti ya juu isiyosikika na binadamu, sauti ikasafiri ndani ya zebaki kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, fuwele ya upande wa pili ikaigeuza kuwa umeme tena, valvu zikaikuza na kuisafisha, ikarudishwa mwanzoni. Namba zilikumbukwa kwa kuzungushwa, nami niliwaza kwamba ndivyo bibi zetu walivyohifadhi tenzi, kwa kutoziacha zinyamaze. Ubaya wake ni kwamba mwendo wa sauti katika zebaki hubadilika joto linapobadilika, na zebaki yenyewe ni nzito na ina sumu. Inasimuliwa kwamba Turing alipendekeza mabomba yajazwe jini, pombe ile, kwa sababu mchanganyiko wake wa kileo na maji ungevumilia mabadiliko ya joto. Wajenzi wa leo hawakutumia zebaki wala jini. Wametumia nyaya za nikeli.

Nilimuuliza fundi mmoja valvu zinakufa mara ngapi. Alinijibu kwamba zinaumia zaidi wakati wa kuwashwa na kuzimwa, uzi unapopanuka na kunywea ghafla, ndiyo maana wazee wa zamani walipenda kuuacha moto wa nyuzi uwake muda wote. Niliandika jibu hilo, kwa kuwa nilijua nitalihitaji London.

Siku ya nne: Cambridge

Nilifika saa nne asubuhi nikitokea London, King's Cross. Maabara ya Hisabati iliyojenga EDSAC ilikuwa katikati ya mji, katika jengo lililokuwa zamani shule ya anatomia, na leo pamesimama majengo mengine. Nilitembea Corn Exchange Street mara mbili nikijaribu kuiona kwa jicho la akilini tarehe 6 Mei 1949, siku ambayo kitabu cha kumbukumbu cha maabara kinaeleza kwa maneno machache, kama karani mzuri anavyopaswa kuandika, kwamba mashine imefanya kazi kwa mara ya kwanza, imechapa jedwali la vipeo vya pili vya namba 0 hadi 99, na muda uliotumika ni dakika 2 na sekunde 35.

Mkuu wa kazi hiyo, Maurice Wilkes, hakutaka mashine ya kushangaza watu. Alitaka mashine ambayo wanasayansi wa chuo wangeitumia. Watumiaji walitoboa programu zao kwenye utepe wa karatasi na kuutundika kwenye kamba, kama nguo za kufuliwa, na mwendeshaji akauchukua mmoja mmoja kwa zamu yake. Wilkes mwenyewe amesimulia kwamba siku moja, akiwa kwenye ngazi, alitambua ghafla kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itakwisha katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Sisi wa leja tulilijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi.

Mchana nilikwenda kwenye Kituo cha Historia ya Kompyuta, nje kidogo ya katikati ya mji, ambako kumehifadhiwa nyaraka, picha na sauti za watu waliofanya kazi na LEO, kompyuta iliyojengwa na kampuni ya chai. Hapo ndipo safari yangu ilipopata ilichokuwa ikikitafuta. Mwaka 1947 kampuni ya J. Lyons, wauza chai, mikate na keki, iliwatuma maofisa wake wawili, Thomas Raymond Thompson na Oliver Standingford, kwenda Marekani kuangalia taratibu za ofisi. Huko Princeton walikutana na Herman Goldstine, mmoja wa watu wa ENIAC, aliyewaeleza kwamba kuna watu Cambridge, jirani na kwao kabisa, wanaojenga mashine ya aina waliyokuwa wakiiulizia. Waliporudi, Lyons iliisaidia EDSAC kwa pauni zipatazo 3,000 na kumpeleka Cambridge fundi wake, Ernest Lenaerts, akajifunze huku akisaidia. EDSAC ilipothibitika kwamba inafanya kazi, wauza chai wakaamua kujenga ya kwao.

Jambo hili nimelitafakari njia nzima ya kurudi London. Kampuni za mashine za ofisi zilikuwepo, tena kubwa, na hazikuthubutu kwanza. Aliyethubutu ni mwenye migahawa, kwa sababu faida yake katika kikombe kimoja cha chai ilikuwa ndogo mno, na gharama za kuhesabu vikombe hivyo zilikuwa karibu zimeze faida yenyewe.

Siku ya tano: London, Hammersmith Road

Cadby Hall, makao makuu na viwanda vya Lyons, ilibomolewa mwaka 1983, na mahali pake pana majengo ya ofisi. Nilikuwa nimeonywa kwamba sitaona kitu. Nilinunua chai ya karatasi kwenye duka la kona, nikasimama upande wa pili wa barabara, nikaifungua daftari yangu ya Cambridge na kuipanga LEO upya pale ilipokuwa.

Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya kielektroniki ya Lyons. Mhandisi wake alikuwa John Pinkerton, na msimamizi wa upangaji programu alikuwa David Caminer, aliyetoka katika idara ya taratibu za ofisi na si katika hisabati. Valvu zilikuwa karibu 6,000. Kumbukumbu ilikuwa ya zebaki kama ya EDSAC lakini kubwa zaidi, mabomba 64 ya kuhifadhi maneno 2,048, neno hapa likiwa ni namba moja au amri moja. Hadi hapo ni EDSAC iliyonenepa, ila tofauti iko kwenye milango. Mwanasayansi huingiza namba chache, mashine ikafikiri sana, likatoka jibu moja. Karani huingiza kadi nyingi, mashine ikafikiri kidogo, zikatoka karatasi nyingi. Ukimpa karani mashine ya mwanasayansi, itakaa bure ikisubiri utepe usomwe. Lyons walijaribu kwanza utepe wa sumaku kutoka kwa kampuni nyingine, wakashindwa, kisha wakarudi kwenye kadi na utepe wa karatasi, wakiweka njia kadhaa za kuingizia na kutolea ambazo ziliweza kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kazi ya kwanza ilijaribiwa Septemba 1951 na ikakabidhiwa moja kwa moja kwa LEO mwishoni mwa Novemba mwaka huo: kukadiria thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka viwandani kila juma, pamoja na gharama za vifaa na nguvu kazi. Hiyo ndiyo kazi ya kawaida ya ofisi ambayo kompyuta yenye programu iliyohifadhiwa ilitangulia kuifanya, nami naona waliichagua kwa hekima, kwa sababu hesabu ya keki ikichelewa siku moja hakuna anayelala njaa.

Mishahara ni jambo jingine. Kufikia mwaka 1954 LEO ilikuwa inakokotoa malipo ya wafanyakazi wa Lyons, ikimmaliza mtu mmoja kwa sekunde moja na nusu badala ya dakika nane za karani mzoefu, na katika fedha ya pauni ya shilingi ishirini na shilingi ya peni kumi na mbili, pamoja na kodi. Nilipozisoma namba hizo Cambridge nilikumbuka dakika zangu, na kwa kweli sikuumia. Kilichonivutia ni jinsi walivyojihami. Kila asubuhi kabla ya kazi walipandisha na kushusha volti za saketi kupita kiwango cha kawaida, ili valvu iliyoanza kuchoka ianguke wakati wa majaribio na ibadilishwe, isije ikaanguka katikati ya jina la mtu. Programu iliwekewa vituo, na mashine ikikatika, kazi ilianzia kwenye kituo cha mwisho badala ya mwanzo. Mark 1 ya chuoni Manchester ingeweza kuharibika, profesa akaenda kunywa chai na kurudi kesho. Mfanyakazi wa tanuri la mikate huko Hammersmith alisubiri bahasha yake siku iliyotajwa. Kwangu mimi kompyuta ya kibiashara ilizaliwa hapo, katika hofu ya siku ya malipo, na si katika hati ya mauzo ya Februari, ya Ferranti, au ya Machi, ya UNIVAC.

Kazi iliyofuata, ya Oktoba 1954, ningeipenda niione kwa macho. Kila mgahawa wa Lyons ulikuwa na oda yake ya kudumu kwa kila siku ya juma, na msimamizi wake, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alipiga simu kutaja mabadiliko tu: keki hizi zipungue, pai zile ziongezwe. Aliyepokea simu, vipokea sauti vikiwa masikioni, alitoboa kadi palepale huku akisikiliza, na kadi hizo ziliingia katika LEO ambayo ilitoa orodha za kufungasha mzigo wa kesho. Yasiyobadilika hayakuandikwa tena. Katika shirika letu tuliandika upya kila jina na kila makato kila mwezi kwa miaka yote niliyofanya kazi, na mara moja mwenzangu mmoja, kwa uchovu, aliruka mstari mzima wa leja na watu kumi na wanne wakalipwa mshahara wa jirani zao.

Mwaka 1954 Lyons waliunda kampuni ya kuuza kompyuta, na LEO II, ambazo zilijengwa 11, zikaenda kwa wateja wengine. Baadaye transista, vipande vidogo vinavyofanya kazi ileile ya lango, zilizifukuza valvu, biashara ya LEO ikaunganishwa na nyingine, na mwaka 1968 ikaangukia katika kampuni ya ICL pamoja na kampuni nyingine ya kompyuta, ICT, ambayo ilikuwa imekwisha kuinunua idara ya kompyuta ya Ferranti mwaka 1963. Kwa hiyo mashine ya Manchester na mashine ya Hammersmith zilimalizia maisha yao katika ukoo mmoja.

LEO ya kwanza ilizimwa Januari 1965. Mwaka huohuo kompyuta ya kwanza Tanzania, aina ya ICT 1500, isiyo na valvu hata moja, ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwendo wa miguu kutoka wizarani, nilipewa leja yangu, kalamu mbili na kiti. Chai ilikuwa imepoa, na mpwa wangu alikuwa amepiga simu mara tatu kuuliza nitarudi na treni ya saa ngapi.